Hewa Isiyokuwapo: Istilahi za Hali ya Anga-Nje na Elimu kwa Umma katika Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

1.0 Utangulizi

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024, mnamo saa 7 na dakika 54 kwa saa za Afrika Mashariki, dhoruba ya sumaku iliyokuwa imeanza mapema usiku huo ilifikia ngazi ya tano, yaani ya juu kabisa, katika vipimo vinavyotumiwa na wataalamu wa Marekani. Dhoruba ya ngazi hiyo ilikuwa haijaonekana tangu Oktoba 2003. Jumapili, tarehe 12 Mei, huduma ya intaneti ilizorota nchini Tanzania na katika nchi nyingine kadhaa za ukanda huu, na mahali pengine ilikatika kabisa. Watu wa Moshi, ambao tangu siku iliyotangulia walikuwa wamepokea katika simu zao picha za anga nyekundu ya Ulaya na Marekani, hawakuhitaji mwalimu wa kuwaunganishia mambo hayo mawili. Jua limelipuka, mtandao umekatika. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa mjini humo kwa shughuli za kifamilia, aliyasikia maneno hayo katika duka la dawa, katika daladala ya kwenda Kibosho, na baada ya ibada.

Maneno hayo hayakuwa kweli. Intaneti ilikatika kwa sababu nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu katika bahari ya kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Lakini kosa hilo halistahili kuchekwa. Kuhusisha matukio mawili yaliyofuatana kwa muda usiozidi siku mbili ni fikra ya kawaida ya binadamu, na mtu anayeifanya anahitaji maelezo tu ya namna kitu kimoja kinavyoweza, au kisivyoweza, kukifikia kingine. Maelezo hayo hayakupatikana kwa Kiswahili. Kilichopatikana ni istilahi: "hali ya hewa ya anga", "hali ya hewa ya anga za juu", "dhoruba ya jua", "mlipuko wa jua". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba baadhi ya istilahi hizo, licha ya usahihi wake wa kisarufi, zinampeleka msikilizaji mahali pasipo pake, na kwamba katika miteremko ya Kilimanjaro upotofu huo ni mkubwa zaidi kuliko mahali pengine.

2.0 Dhana yenyewe

Kabla ya kulijadili neno hapana budi kukijua kirejelewa chake. Jua, mbali na mwanga na joto tunavyovihisi, hutoa wakati wote mkondo wa chembe zenye umeme, ambao wataalamu huuita upepo wa Jua. Mara kwa mara, hususa katika miaka ya kilele cha mzunguko wake wa takriban miaka 11, sehemu za uso wa Jua zenye sumaku iliyosokotana hufunguka ghafla. Hapo hutokea mambo mawili, ambayo tutarudi kuyatenganisha: mmweko wa mwanga na mionzi, na mtupo wa mabilioni ya tani za gesi yenye umeme pamoja na sumaku yake. Mtupo ukielekea Dunia, huitikisa sumaku ya Dunia. Mtikisiko huo ndio dhoruba ya sumaku.

Athari zake zinajulikana. Tarehe 13 Machi 1989 gridi ya umeme ya Québec, Kanada, iliporomoka katika muda wa kama dakika moja na nusu, na watu wapatao milioni 6 wakakaa gizani kwa saa 9. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilipoteza setilaiti zipatazo 40 kati ya 49 ilizokuwa imezirusha siku hiyo hiyo moja, kwa kuwa dhoruba, ambayo haikuwa kubwa, iliipasha moto hewa nyembamba ya juu ikavimba na kuzikokota setilaiti hizo chini. Mei 2024 wakulima wa Marekani wanaopanda mahindi kwa matrekta yanayoongozwa na setilaiti walilazimika kusimamisha kazi, kwa kuwa mistari ya kupandia ilikuwa haielekei tena mahali ilipopaswa.

Je, kwa nini basi dhoruba hiyo isingeweza kukata intaneti ya Moshi? Kwa sababu waya wa baharini hupitisha mwanga ndani ya uzi wa kioo, na mwanga huo hauathiriwi na mtikisiko wa sumaku. Ni kweli kwamba vipaza-nguvu vilivyopangwa njiani hulishwa umeme kwa shaba ndefu iliyomo katika waya huo huo, na wataalamu wanaizingatia hatari hiyo. Lakini Mei 2024 nyaya zilipata hitilafu ya kawaida ya waya ulioharibika, ikatafutwa na kutengenezwa na meli. Kwa upande wa gridi, mikondo inayozalishwa ardhini na dhoruba ni mikubwa zaidi karibu na ncha za Dunia, na hupungua kadiri tunavyokaribia ikweta. Haiishi kabisa. Nyaya zetu za umeme zinazidi kurefuka, kama ile ya kilovolti 400 inayotoka Isinya, Kenya, kupitia Namanga na Arusha hadi Singida, na urefu ndio unaoukusanya mkondo wa namna hiyo.

3.0 Neno "hewa" na mzigo wake

Istilahi "hali ya hewa ya anga" ni tafsiri sisisi. Aliyeiunda alichukua neno la Kiingereza weather, akaweka kisawe chake cha kamusi, kisha akaongeza anga. Njia hiyo ni halali na imelipatia Kiswahili istilahi nyingi nzuri. Tatizo ni kwamba visawe vya kamusi huwa sawa katika matumizi ya kawaida tu. Neno la Kiingereza, kwa msemaji wa leo, halina ndani yake kipande chochote chenye maana ya hewa; ni mzizi mmoja usiochanganulika. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Kina kirai "hali ya hewa", ambacho vipande vyake viko wazi mbele ya kila msemaji, na kimojawapo kinataja kitu ambacho huko juu hakipo. Mwingereza aliyeambiwa istilahi hiyo anasikia kwamba kuna hali fulani huko angani inayobadilika-badilika. Mswahili anasikia kwamba huko kuna hewa, na kwamba hewa hiyo imechafuka.

Msomaji makini atapinga. Atasema kwamba "hali ya hewa" imekwisha ganda, kiasi kwamba watu husema mtu fulani "amechafua hali ya hewa" kikaoni bila ya kufikiria hewa wala mvua, na kwamba mwanasiasa huzungumzia "hali ya hewa ya kisiasa" naye akaeleweka. Hoja hii ina nguvu, na kwa muda mwandishi aliikubali. Lakini sitiari ya kikaoni hufaulu kwa sababu muktadha unaifuta maana ya asili: hakuna anayetazamia mvua ndani ya kikao. Muktadha wa anga haufuti. Anga ndiko mvua inakotoka. Msikilizaji akiambiwa "hali ya hewa ya anga", hana sababu ya kuacha maana anayoijua, na kwa hakika istilahi inamsukuma aishike zaidi. Neno "anga" lenyewe halimsaidii, kwa kuwa katika matumizi ya kila siku ni pale mawingu yalipo, ndege zinapopita na nyota zinapoonekana, bila ya mpaka kati ya vitu hivyo vitatu.

Kwa mkazi wa Kilimanjaro mzigo huo unaongezeka. Huko "hali ya hewa" ni habari ya mlima. Kati ya mwaka 1912 na 2007 Kibo ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake, na kwa miaka mingi shule, makanisa, mashirika na wageni wamekuwa wakizungumza na wananchi juu ya jambo hilo kwa istilahi "mabadiliko ya hali ya hewa". Kwa hiyo istilahi mpya inapoingia huikuta nafasi imekwisha jazwa. Kijana mmoja anayefanya kazi ya upagazi katika njia ya Marangu alimweleza mwandishi kwa utulivu kabisa kwamba milipuko ya Jua ndiyo inayoyeyusha theluji, na kwamba wazungu wamekubali sasa baada ya kuificha. Alikuwa ameyajenga hayo peke yake kutokana na maneno mawili aliyopewa, na kwa mantiki isiyo na kasoro: kama kuna hali ya hewa ya Jua, na hali ya hewa ndiyo iliyoharibu theluji, basi tuulize nini tena? Kumbe mng'aro wa Jua hubadilika kwa kiasi cha sehemu moja tu katika elfu kati ya kilele na kituo cha mzunguko wake, na kupungua kwa barafu ya Kibo kunatokana na mambo yanayotokea katika hewa hasa: joto, ukavu, na uhaba wa theluji mpya.

Kuna pia jambo la imani na desturi, ambalo ni bora litajwe kwa ufupi na kwa heshima. Katika lahaja za Kichaga jina Ruwa hutumika kwa Mungu, na linahusiana na neno la jua. Mzee aliyekulia katika lugha hiyo hasikii sentensi "jua limelipuka" kama mtangazaji anavyoisikia. Kwa upande wa Kiswahili, mzizi ule ule unaotupa "anga", "angaza" na "mwanga" wa taa unakaribiana kwa sauti na "mwanga" wa usiku, yule anayeruka watu wakilala. Ujumbe wa simu unaodai kwamba usiku wa leo mionzi kutoka Mirihi itapita karibu na Dunia, na kwamba kila mtu azime simu na kuiweka mbali na mwili, umezunguka kwa miaka mingi katika lugha nyingi. Mwandishi ameupokea kwa Kiswahili mara tatu, mara mbili kutoka kwa wahitimu wa chuo kikuu. Ujumbe huo ni uongo. Ila tusishangae kwamba unapata wasomaji.

4.0 "Mlipuko" mmoja, mambo mawili

Kosa la pili ni la magazeti na redio, na pengine ni kubwa kuliko la kwanza kwa sababu linagusa usalama. Mmweko na mtupo, tulivyovitaja hapo juu, vyote viwili huitwa "mlipuko wa jua". Mmweko ni mwanga, na mwanga hutumia dakika 8 na sekunde kadhaa kutoka Jua hadi Dunia. Hakuna awezaye kutahadharishwa juu yake, kwa kuwa habari ya kutokea kwake haiwezi kwenda kasi kuliko mmweko wenyewe. Hugusa upande wa Dunia wenye mchana, na athari yake kubwa ni kuyafifisha mawasiliano ya redio ya masafa mafupi kwa dakika au saa chache. Mtupo, kwa upande mwingine, ni maada. Husafiri kwa siku moja hadi tatu. Ule wa Septemba 1859, uliosifika kwa kasi, ulitumia takriban saa 17 na nusu. Hapo kuna muda wa kuonya na wa kujitayarisha.

Mtangazaji anaposema asubuhi kwamba "mlipuko mkubwa umetokea katika jua", msikilizaji hana njia ya kujua kama jambo limekwisha au bado linakuja. Katika lugha ya hadhari hiyo ndiyo tofauti muhimu kuliko zote. Tunapendekeza "mmweko wa Jua" kwa jambo la kwanza, kutokana na kitenzi "mweka" ambacho kila msemaji hukitumia kwa radi ya mbali, na "mtupo wa Jua" kwa la pili. Neno "wingu la Jua", ambalo baadhi ya watafsiri hulitumia badala ya mtupo, lina mvuto, lakini linarudisha mvua mlangoni baada ya sisi kuitoa.

5.0 Maarifa yaliyokwisha kuwapo

Ni desturi ya wanaoelimisha umma kuanza na lile umma usilolijua. Katika suala hili utaratibu huo ni hasara tupu, kwa sababu wazee wa Moshi wanaijua ionosfia vizuri, ingawa hawajapata kuambiwa jina lake.

Wengi wao walikua na redio ya masafa mafupi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na ile ya Deutsche Welle mwaka 1963. Kwa miongo mingi zilisikilizwa mlimani kwa redio za betri zilizotundikwa chini ya mapaa au kuwekwa dirishani penye mkondo mzuri. Wasikilizaji hao walijua kwamba bendi inayofaa mchana haifai usiku. Walijua kwamba jioni sauti "huja na kurudi", kama mtu anayesema huku akizungushwa. Walijua kwamba kuna miezi redio inakuwa na matatizo zaidi, na kwamba kuna siku, kwa nadra, stesheni zote hutoweka mchana kweupe kisha zikarejea bila ya mtu yeyote kugusa kitu. Mzee mmoja wa Kibosho, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, alipoelezwa juu ya mmweko alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, kumbe haikuwa betri." Hakuna utangulizi bora wa somo hili kuliko sentensi hiyo.

Maelezo ya kisayansi yanaweza kufuatia hapo kwa urahisi. Kuanzia kilomita 80 hivi juu yetu hadi karibu kilomita 1,000, mionzi ya Jua huzipasua chembe za hewa nyembamba na kuacha elektroni zikielea huru. Tabaka hilo huyarudisha chini mawimbi ya masafa mafupi, na ndiyo maana sauti ya London iliweza kufika Machame. Mawimbi ya setilaiti hulipita, lakini hucheleweshwa njiani. Simu hukokotoa mahali ilipo kwa kupima muda ambao mawimbi yametumia kutoka setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu. Muda ukiongezeka bila ya kujulikana, mahali panahama.

Kwa jambo hili Kilimanjaro haiko pembezoni hata kidogo. Ikweta ya sumaku haifuati ikweta ya ramani. Katika Afrika Mashariki hupita kaskazini, juu ya Ethiopia. Juu ya mstari huo uga wa umeme wa mchana huinyanyua gesi yenye elektroni, nayo hupanda, kisha huteremka kwa kufuata mistari ya sumaku upande wa kaskazini na upande wa kusini, na kurundikana takriban nyuzi 15 kutoka ikweta hiyo. Anayeijua mifongo ya Wachaga, ile mifereji inayotoa maji msituni na kuyapeleka vihambani kwa mteremko uliopimwa kwa jicho, hatasumbuka kuielewa picha hii: maji hayakai yalikotoka, hukusanyika pale mfongo unapoyafikisha. Rundo la kusini liko juu ya Tanzania. Kwa hiyo anga iliyo juu ya Moshi ni miongoni mwa zile zenye elektroni nyingi zaidi duniani, na hali hiyo ipo kila siku, dhoruba iwepo au isiwepo. Kiasi hicho hufikia kilele chake alasiri, na katika miaka ambayo Jua limechangamka ucheleweshaji wake unaweza kuwa sawa na mita 15 au zaidi kwa kipokezi cha masafa mamoja kisichosahihishwa. Kanuni ya masahihisho iliyomo ndani ya simu za kawaida huondoa karibu nusu tu ya kosa hilo.

Baada ya Jua kutua hutokea jambo jingine. Tabaka la chini hutoweka upesi kuliko la juu, na gesi nyepesi iliyo chini huchomoza kupitia ile nzito kama mapovu katika pipa la mbege inayochacha. Mawimbi yakipita katika mapovu hayo humetameta, kwa sababu ya namna ile ile inayozifanya nyota zimetemete, na vipokezi huweza kuzipoteza setilaiti. Hali hii huwa kali zaidi kuanzia magharibi hadi karibu na usiku wa manane, hususa katika miezi inayozunguka Machi na Septemba. Tunapendekeza liitwe hivyo hivyo, "kumetameta kwa mawimbi". Neno tunalo, kulitohoa la kigeni kutakuwa ni uvivu.

Je, mwananchi anapoteza nini? Mpanda mlima hapotezi kitu: kosa la mita chache halimpotezi njia, na sumaku ya Dunia katika ukanda wa ikweta ni ngao imara dhidi ya chembe zinazotoka katika Jua, hata kwa aliyesimama katika kilele cha Uhuru. Anayepoteza ni mwenye kihamba. Vihamba ni vidogo, vimegawanywa kwa vizazi vingi, na mipaka yake ilikuwa ikilindwa na masale, mmea ambao hakuna aliyethubutu kuung'oa. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hati za kimila zimehitaji vipimo, na vipimo vimekuja na setilaiti. Mpimaji mwenye sifa hutumia vipokezi vya masafa mawili pamoja na kituo cha marejeo, naye kwa njia hiyo huuondoa karibu ucheleweshaji wote. Ndivyo ilivyofanyika mlimani mwaka 1999 na 2008, vipimo vilipoupa mlima mita 5,892 na 5,891 badala ya 5,895 za mwaka 1952. Tofauti hizo zinatokana na mbinu za upimaji na namna ya kuukadiria usawa wa bahari chini ya mlima, si kwamba mlima unazama, kama waongozaji wanavyopenda kuwatania wageni. Lakini ndugu wawili wanaogombania mstari wa migomba hawamwiti mpimaji mwanzoni. Huanza na simu. Mwandishi amewashuhudia wakipima alasiri, wakarudia asubuhi, na mstari ukawa umehama kwa hatua kadhaa kuelekea kwa mdogo. Sehemu ya kosa hilo hapana shaka ilitoka katika migomba na migrevilea iliyoziba anga, na sehemu katika simu yenyewe. Sehemu ilitoka juu zaidi. Mkubwa hakuamini hata moja ya sababu hizo. Aliamini kwamba mdogo wake ameichezea simu.

6.0 Suala la saa

Vituo vinavyotoa hadhari za anga-nje, kikiwamo kile cha Hermanus, Afrika Kusini, hutoa matangazo kwa saa ya kimataifa. Mtafsiri wa Kiswahili anakabiliwa na hatua mbili, si moja. Saa 18:00 ya matangazo hayo ni saa 21:00 katika Tanzania, nayo kwa Kiswahili ni saa 3 usiku. Anayesahau hatua ya kwanza hukosea kwa saa tatu. Anayesahau ya pili huandika "saa 21", ambayo msomaji wa gazeti ataielewa, lakini msikilizaji wa redio kijijini ataiuliza.

Tarehe nayo ina mtego wake. Dhoruba ya Mei 2024 ilifikia ngazi ya tano "tarehe 10" kwa hesabu ya kituo na tarehe 11 kwa kalenda ya Moshi. Kwa wengi wa wasemaji wa pwani, na kwa Waislamu kwa jumla, usiku hutangulia mchana wake, hivyo kwamba "usiku wa Jumamosi" waweza kuwa ule ambao mwingine anauita usiku wa Ijumaa. Kirai "usiku wa kuamkia" hutatua jambo hili bila ya utata wowote, na ni ajabu kwamba watafsiri wa hadhari hawakitumii kila mara.

7.0 "Baridi" ya mwaka 1848

Si mara ya kwanza mlima huu kuwa na kitu kisichokuwa na jina la kuwatosha wasikilizaji. Tarehe 11 Mei 1848, siku na mwezi ule ule, miaka 176 kabla ya dhoruba yetu, mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kibo, akadhani kwanza kwamba ni wingu. Alipomwuliza mwongozaji wake, huyo aliuita weupe huo kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji, na huko London mwanajiografia W. D. Cooley akakataa kwa miaka mingi kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta.

Katika kisa hiki wanahistoria humtazama Cooley. Mwanaisimu anamtazama mwongozaji. Hakuwa na neno la kitu kile katika maisha yake ya kila siku, wala hakukopa. Alikitaja kwa athari yake mwilini mwa binadamu, na jina hilo, ingawa si istilahi, halikuwa na kosa ndani yake. Lilimwambia msafiri jambo analopaswa kulijua kabla ya kupanda. "Theluji", yenye asili ya Kiarabu, ilikuja kushika mahali pake, na "barafu", ambayo kwa Kiajemi ilikuwa theluji, ikahamia katika maji yaliyoganda. Lugha ilipata wasaa wa kupanga.

Kwa kufuata mfano wa mwongozaji tunapendekeza kwamba jina la jumla la fani liwe "hali ya anga-nje", bila ya hewa, nalo liachiwe vyuo na vitabu. Hadhari kwa umma zitumie majina ya athari: "dhoruba ya sumaku", kwa kuwa sumaku ndiyo inayotikisika na kila aliyesoma shule ya msingi ameishika, "kufifia kwa redio", "kumetameta kwa mawimbi", "kuhama kwa vipimo". Kuhusu "dhoruba" peke yake tuna wasiwasi kidogo, kwani ni neno la bahari na upepo, na siku chache tu kabla ya dhoruba ya Jua, tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilikuwa kimeipiga Mafia. Lakini likiandamana na sumaku, neno la pili hulifunga la kwanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo wananchi wamezoea kuitegemea, inaweza kuzisoma hadhari hizo hata kama jina lake lina hewa ndani yake. La muhimu ni kwamba zisisomwe katikati ya utabiri wa mvua.

Hadhari ya usiku ule wa Mei ingeweza kuwa hivi:

"Dhoruba kubwa ya sumaku inatarajiwa usiku wa kuamkia Jumamosi, kuanzia saa 2 usiku, na huenda ikaendelea hadi Jumapili. Simu na mitandao ya kawaida haitarajiwi kuzimika. Redio za masafa mafupi zinaweza kufifia. Vipimo vya mahali kwa setilaiti vinaweza kuhama. Wapimaji wa ardhi na watumiaji wa droni waahirishe kazi zinazohitaji usahihi. Hakuna madhara kwa mwili wa binadamu. Mvua, joto na theluji ya Kibo havihusiki na dhoruba hii."

Tulimsomea hadhari hiyo yule kijana wa njia ya Marangu. Aliomba sentensi ya mwisho isomwe tena, akauliza ni nani basi anayeiyeyusha, na tukaketi kulizungumza hilo hadi daladala ya mwisho.